Kuwakinga Bakteria Wenye Manufaa kwa Protini za Chakula

Wafugaji wa Afrika Mashariki waligandisha maziwa katika vibuyu kwa vizazi vingi kabla ya wataalamu kutambua kwamba wako viumbe wadogo waitwao bakteria. Kibuyu kilichotumika jana hubaki na masazo kidogo ya mgando. Maziwa mapya yakimiminwa humo, baada ya siku moja au mbili nayo huganda na kuwa machachu. Kazi hiyo hufanywa na bakteria ambao hula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo ifanyayo maziwa yadumu, kwa sababu vijidudu vingi viletavyo uozo na maradhi haviwezi kustawi penye uchachu mkali.

Siku hizi baadhi ya bakteria wa jamii hiyo huzalishwa viwandani kwa wingi, hukaushwa na kuwa unga, kisha hutiwa katika pakiti, vidonge au vyakula na kuuzwa kwa jina la probiotiki. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani walikubaliana juu ya maana ya neno hilo. Probiotiki, walisema, ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji manufaa ya kiafya.

Katika maelezo hayo mafupi yamo masharti mawili mazito. Kwanza, bakteria hao wawe hai. Pili, wawe wengi kiasi cha kutosha. Mama anayemnunulia mwanawe pakiti ya unga baada ya ugonjwa wa kuhara hana njia ya kujua iwapo waliomo ndani ni bakteria hai au ni mizoga yao tu. Rangi, harufu na ladha havimwambii lolote. Kwa hiyo swali la namna ya kuwafikisha bakteria salama kutoka kiwandani hadi utumboni linahusu afya ya watu na fedha zao pia. Mojawapo ya majibu yanayochunguzwa katika maabara nyingi ni kuwafunika kwa protini za chakula cha kawaida, hasa zile za maziwa.

ASILI YA WAZO LENYEWE

Mwaka 1905 Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, alieleza habari za bakteria aliyewaona katika maziwa ya mgando ya nchi yake. Wakati huohuo, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Élie Metchnikoff alikuwa akichunguza sababu za uzee. Metchnikoff, ambaye mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa utafiti wa kinga ya mwili, alifikiri kwamba bakteria waharibifu wa utumbo mpana hutoa sumu zinazomzeesha mtu. Alishauri watu wanywe maziwa machachu ili bakteria wema washike nafasi ya wale wabaya.

Wazo hilo lilisambaa kwa haraka, lakini miaka ya 1920 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wa Bulgaria hawawezi kufanya makao katika utumbo wa binadamu. Ndipo wataalamu walipoanza kutafuta aina nyingine zilizo na ustahimilivu zaidi. Huko Japani, mwaka 1930, Minoru Shirota alipata aina moja iliyoweza kuvumilia asidi na nyongo, na mwaka 1935 kinywaji kilichotengenezwa kwa bakteria hao kilianza kuuzwa. Tangu hapo imefahamika kwamba ubora wa bakteria peke yake hautoshi. Lazima pia aweze kufika.

SAFARI YENYE MAADUI WENGI

Maadui wa bakteria huanza kiwandani. Ili bakteria waweze kuhifadhiwa na kusafirishwa ni lazima waondolewe maji. Njia ya kwanza ni kuwagandisha kwa baridi kali na kisha kuifanya barafu igeuke mvuke katika chombo kilichoondolewa hewa. Njia hii ni ya upole, lakini ni ghali na huchukua muda mrefu. Tena chembe za barafu huweza kutoboa utando wa seli. Njia ya pili ni kunyunyizia kimiminiko katika hewa ya moto, kama unga wa maziwa utengenezwavyo. Hewa iingiayo katika mtambo aghalabu huwa na joto la nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi.

Msomaji aweza kushangaa kwamba kiumbe hai chaweza kutoka salama katika moto wa namna hiyo. Siri yake ni ileile ya maji ya mtungi. Maji yanayovuja katika udongo wa mtungi hugeuka mvuke, na kwa kufanya hivyo huchukua joto na kuyaacha ya ndani yakiwa baridi. Vivyo hivyo, tone la kimiminiko lingali na unyevu hubaki na joto la chini sana kuliko hewa inayolizunguka. Hatari kubwa huja mwishoni, unyevu unapokaribia kwisha na joto la tone kupanda kuelekea lile la hewa itokayo mtamboni, ambalo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 60 na 90.

Adui wa pili ni muda wa kukaa ghalani. Oksijeni hudhuru aina nyingi za bakteria hawa, hasa wale wa kundi la Bifidobacterium ambao kwa asili huishi mahali pasipo na hewa. Joto huharakisha kifo chao. Unyevu ukiingia katika pakiti, seli zilizokuwa zimelala huanza kuamka pasipo chakula cha kuziendeleza, na hatimaye hufa.

Adui wa tatu ni mwili wenyewe. Tumboni mwa mtu mwenye njaa uchachu huweza kufikia pH 2 au chini yake, ilhali mgando wa kawaida una pH ya karibu 4.5. Kwa kuwa kila tarakimu moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, asidi ya tumbo inaweza kuwa kali zaidi ya ile ya mgando kwa mara mia kadhaa. Pamoja na asidi hiyo kuna pepsini, yaani kimeng'enya kinachosaga protini. Bakteria akipita hapo hukutana na nyongo katika utumbo mwembamba, nayo huyeyusha mafuta yaliyomo katika utando wa seli kama sabuni inavyoyeyusha mafuta ya sahani.

Hasara huhesabiwa kwa makumi. Tuseme pakiti ina bakteria 1,000,000,000. Wakipungua mara kumi katika kukaushwa, mara kumi tena ghalani, na mara mia tumboni, watakaofika utumboni ni 100,000 tu. Wataalamu wengi hukadiria kwamba chakula cha probiotiki kiwe na angalau bakteria hai 1,000,000 hadi 10,000,000 katika kila gramu wakati kinapoliwa. Kwa mujibu wa mfano huu, pakiti iliyoanza safari na utajiri mkubwa yaweza kufika ikiwa maskini.

KUTOKA KARATASI HADI CHAKULA

Ufundi wa kufungia vitu katika vifuko vidogo mno, ambavyo huitwa mikrokapsuli, haukuanzia katika chakula. Kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Marekani, ndiyo iliyoufanya ujulikane katika miaka ya 1950 kwa karatasi za kunakili zisizohitaji kaboni. Nyuma ya karatasi hizo vilipakwa vifuko vidogo vyenye wino usio na rangi. Kalamu ilipobonyeza, vifuko vilipasuka, wino ukakutana na dawa iliyopakwa kwenye karatasi ya chini, na maandishi yakaonekana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kuta za vifuko vile vya kwanza zilitengenezwa kwa jelatini, ambayo ni protini itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, ikichanganywa na gundi ya mgunga. Vyote viwili huliwa. Haikuwa ajabu basi kwamba baadaye wataalamu wa chakula waliuchukua ufundi huo na kuutumia kwa ladha, vitamini, na mwishowe viumbe hai.

Kwa bakteria, kitu kilichotumiwa zaidi mwanzoni kilikuwa alginati, utomvu wa mwani wa rangi ya kahawia. Alginati iliyochanganywa na bakteria hudondoshwa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu, na kila tone huganda papo hapo na kuwa kishanga laini. Mwani mwekundu ulimwao Zanzibar nao hutoa karajinani, kitu kingine kigandacho ambacho kimejaribiwa kwa kazi hiyo. Lakini vishanga vya namna hii vina matundu mengi madogo, na asidi huweza kupenya hadi ndani. Ndiyo maana macho ya watafiti yaligeukia protini.

KWA NINI PROTINI

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi-amino uliokunjwa kwa namna maalumu. Sifa zake tatu zinaufanya ufae kwa kazi hii.

Ya kwanza ni uwezo wa kupunguza makali ya asidi. Katika mnyororo huo zimo sehemu nyingi zinazonasa chembe za asidi, hivyo kadiri asidi inavyopenya ndani ya kifuko ndivyo inavyopunguzwa nguvu, na bakteria aliye katikati hukutana na uchachu mdogo kuliko ule ulioko nje.

Ya pili ni uwezo wa kuganda na kuwa jeli. Kila atengenezaye jibini au achemshaye yai ameuona uwezo huo. Jeli ya protini hushika maji na bakteria katika wavu wake, na wavu huo waweza kufumwa kwa joto, kwa asidi, kwa chumvi ya kalsiamu au kwa kimeng'enya.

Ya tatu ni kwamba protini humeng'enywa. Kifuko kisichofunguka hakina faida, kwa kuwa bakteria atapita mwilini na kutoka pamoja na choo akiwa bado kifungoni. Jeli ya protini huanza kuliwa taratibu na pepsini tumboni. Ifikapo katika utumbo mwembamba, ambako uchachu umepungua na vimeng'enya vya kongosho ni vingi, huvunjika na kuwaachilia wakazi wake, karibu na mahali panapotakiwa.

Miongoni mwa protini zote, zile za maziwa ndizo zilizochunguzwa zaidi. Takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni kaseini, na zilizobaki ni protini za maji ya jibini. Bakteria wengi wa probiotiki wamezoea maziwa, na kwa miongo mingi maabara zimekuwa zikitumia maziwa yaliyoondolewa mafuta kuwakinga bakteria wakati wa kuwakausha. Isitoshe, watafiti wa Nancy, Ufaransa, waligundua kwa kutumia darubini inayopima nguvu ndogo sana za mvuto kwamba bakteria wa aina ya Lactobacillus rhamnosus GG hunata kwenye protini mojawapo ya maji ya jibini kwa vinyweleo vilivyoko juu ya seli yake. Hapo mfungwa na ukuta wake hushikamana vyenyewe.

JINSI VIFUKO VINAVYOTENGENEZWA

Njia moja iliyo nzuri kuielewa ilielezwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani: Thomas Heidebach, Petra Först na Ulrich Kulozik. Msingi wake ni utengenezaji wa jibini. Katika tumbo la ndama mchanga kimo kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Chembe za kaseini katika maziwa zina vinyweleo vinavyozuia zisigusane. Kimeng'enya hukata vinyweleo hivyo, na chembe zikishikana maziwa huganda. Lakini katika baridi ya nyuzi 5 hivi, kukata huendelea ilhali kushikana hakutokei. Maziwa hubaki kimiminiko, yakisubiri joto.

Watafiti hao walitumia tabia hiyo. Walichanganya bakteria na maziwa mazito yasiyo na mafuta, wakatia kimeng'enya katika baridi, kisha wakayakoroga maziwa hayo ndani ya mafuta ya kupikia yaliyo baridi hadi yakagawanyika kuwa matone madogo. Hatimaye walipandisha joto hadi kufikia nyuzi 40. Kila tone likaganda lilivyo, na likawa jibini dogo lisiloonekana vizuri kwa macho, lenye bakteria ndani yake. Vifuko vilitenganishwa na mafuta kwa mashine ya kuzungusha. Bakteria hawakuumizwa na kazi hiyo, na walipotiwa katika asidi mfano wa ile ya tumbo walinusurika kwa wingi kuliko wenzao wasiofunikwa. Kundi hilohilo lilijaribu pia kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi, ambacho hushona minyororo ya kaseini pamoja kwa vifungo imara.

Njia ya pili hutumia protini za maji ya jibini. Protini hizi zikipashwa joto la nyuzi 80 hivi hukunjuka na kuungana kidogo kidogo bila kuganda. Zikishapoa ndipo bakteria hutiwa, na kiasi kidogo cha kalsiamu au asidi huzigandisha zikiwa baridi. Kwa hiyo moto huvumiliwa na protini peke yake, kabla mgeni wake hajaingia.

Njia ya tatu ndiyo rahisi kwa viwanda: kuchanganya bakteria na protini na kuwanyunyizia katika hewa ya moto kama ilivyoelezwa hapo juu. Kwa kawaida protini hukimbilia kwenye uso wa tone na kufanya ngozi ya juu. Unga upatikanao ni wa bei nafuu, ingawa ukitiwa maji huyeyuka haraka, na hivyo kinga yake tumboni ni ndogo kuliko ya jeli.

Protini za mimea nazo hazikusahauliwa. Soya, njegere na dengu zimejaribiwa, mara nyingi zikichanganywa na alginati. Zeini, protini ya mahindi, haiyeyuki katika maji na kwa hiyo hustahimili tumbo vizuri. Lakini huyeyushwa kwa alikoholi, na alikoholi ni sumu kwa bakteria walewale wanaotakiwa kulindwa. Utafiti wa protini hizi una maana kubwa kwa watu ambao miili yao haipatani na protini za maziwa, na kwa nchi ambazo soya na dengu hupatikana kwa urahisi kuliko unga wa maziwa.

VIKWAZO

Ukubwa wa kifuko ni fumbo la kwanza. Bakteria mmoja ana urefu wa mikromita chache tu. Kifuko chenye upana wa milimita moja au zaidi hulinda vizuri, kwa kuwa asidi ina mwendo mrefu kabla ya kufika katikati. Lakini mlaji atahisi mchanga katika mtindi wake. Vifuko vyenye upana chini ya mikromita 100 havisikiki sana ulimini, ila ukuta wake ni mwembamba na kinga hupungua. Kila mtengenezaji hana budi kuchagua baina ya ulimi na tumbo.

Fumbo la pili ni gharama. Kutenganisha vifuko na mafuta, kuviosha na kuvikausha ni kazi ya ziada. Mtindi wa bei nafuu hauwezi kubeba gharama hiyo yote.

Tatu, majaribio mengi hufanywa katika chupa zenye asidi na nyongo ya kuigiza. Tumbo la mtu lina mwendo, chakula, mate na mabadiliko ambayo chupa haina. Matokeo mema ya maabara ni lazima yathibitishwe kwa watu.

Aidha, bakteria aliyefika salama si lazima awe dawa ya kila kitu. Manufaa huthibitishwa kwa kila aina peke yake na kwa kila ugonjwa peke yake. Hali kadhalika, walio wagonjwa mahututi wanahitaji hadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Uholanzi ulionyesha vifo vingi zaidi miongoni mwa wagonjwa wa kongosho waliopewa probiotiki kuliko wale ambao hawakupewa, na mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa probiotiki watoto njiti waliolazwa hospitalini.

MAFUNZO KWA AFRIKA MASHARIKI

Mjini Mwanza, kuanzia mwaka 2004, vikundi vya akina mama vilitengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nchini Uganda, mradi wa Yoba ulitumia njia nyingine: bakteria waliokaushwa katika pakiti ya gramu 1, ambayo hutosha kugandisha maziwa lita 100. Katika pakiti hiyo hutiwa bakteria wa aina mbili. Mmoja huvunja sukari na protini za maziwa, na mwenzake wa probiotiki, ambaye hawezi kuitumia vyema sukari hiyo peke yake, hukua kwa msaada huo.

Mafanikio ya namna hii yanategemea jambo moja: bakteria waliomo katika pakiti wawe hai siku pakiti inapofunguliwa, hata ikiwa imepita katika lori, duka na kijiji kisicho na umeme. Hapo ndipo kinga ya protini inapoweza kuwa na thamani kuliko katika nchi za baridi zenye jokofu kila nyumba. Malighafi mojawapo ipo. Atengenezaye jibini kwa maziwa lita 10 hubakiwa na maji ya jibini yapatayo lita 9, ambayo mara nyingi humwagwa na kuchafua mito. Kila lita ya maji hayo ina protini za gramu 6 hivi. Kuzikusanya kunahitaji mitambo ya kuchuja, na hilo ni suala la mitaji na mipango. Hata hivyo kinachomwagwa leo chaweza kuwa ngao ya kesho.

Wakati huo ukingojewa, mafunzo machache yanaweza kutumika nyumbani na dukani bila gharama. Pakiti za probiotiki zihifadhiwe mahali pakavu, penye baridi na pasipo jua, na ikishafunguliwa isiachwe wazi. Muuzaji azingatie tarehe ya mwisho wa matumizi, na mnunuzi aitazame. Ni bora zaidi bakteria hao kuliwa pamoja na chakula au maziwa kuliko kumezwa kwa maji matupu wakati wa njaa, kwa kuwa chakula hupunguza makali ya asidi ya tumbo. Maziwa, basi, yalikuwa kinga ya bakteria hata kabla ya maabara kujifunza kuyafanya vifuko. Kazi ya wataalamu sasa ni kuifanya kinga hiyo iwe imara, iwe nafuu, na ipimwe kwa uaminifu, ili mnunuzi apate kile kilichoandikwa kwenye pakiti.